Waja leo, waondoka leo: kamusi elezo imenifungia siku ya kwanza!

Wakuu, habari za jioni. Huku Tanga tuna msemo wetu wa "waja leo, waondoka leo". Sikujua kama wahariri wa kamusi elezo ya mtandaoni nao wameufanya sheria.

Jumapili nilipanda gari la Pangani nikashuka Tongoni, nikashinda juani kwenye yale magofu: msikiti, makaburi yenye nguzo, na vile vishimo vya duara vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za kigeni, zikang'olewa zamani. Usiku nikaandika makala yangu ya kwanza, aya nne. Haikumaliza dakika nane. Imefutwa! Sababu: "Haina umaarufu. Tangazo." Salamu hakuna.

Tongoni haina umaarufu? Mwaka 1499 Vasco da Gama akirudi kutoka India aliichoma moto meli yake São Rafael kwenye mafungu ya mwambao huu huu, mabaharia wamemwishia. Ila mchezaji wa daraja la tatu Uingereza aliyecheza mechi mbili ana makala yake, na picha juu.

Nikairudisha. Mhariri yule akafuta. Nikairudisha tena, nikamuuliza kwenye ukurasa wake wa majadiliano, "Bwana mkubwa, kosa langu lipi?" Kimya. Kufika mara ya nne, nimefungiwa saa 24.

Haya, nakiri. Niliandika "magofu ya kuvutia mno, nyote mnakaribishwa". Hilo tangazo kweli. Chanzo changu kilikuwa mzee mmoja pale kijijini, tanbihi sikuweka hata moja. Nimekuja kusoma mwenyewe nikiwa kifungoni kwamba umaarufu wanaoutaka wao ni jambo kuandikwa kwa kina na vyanzo vya kuaminika visivyo na mkono ndani yake, na maneno ya mzee hayahesabiki mpaka yachapishwe. (Hapo sisi wa pwani tumeumia, ila huo uzi mwingine.) Sheria naielewa. Lakini si angeniandikia tu, "Ndugu, toa sifa, weka tanbihi"? Si angebandika kigezo cha mbegu (alama ya makala fupi inayohitaji kukuzwa), au cha kudai vyanzo, ikabaki? Mwongozo wao wenyewe unasema msiwaume wageni, mdhanie nia njema. Au huo ni wa kuwaonesha wafadhili?

Kifungo kinaisha leo saa nne usiku. Mwenye kitabu cha akiolojia kinachoitaja Tongoni anicheki inbox, nataka namba za kurasa tu. Na wewe mkuu uliyenifuta, kama umo humu, safari hii naanzia ukurasa wa majadiliano. Ujibu.