Mbuyu wa Salum (kikundi cha Ukoo Wetu, Kilwa)

Salum: Shikamooni wakubwa. [picha] Mti gani huu?

Mwanahawa: Si mbuyu wa njia ya Kivinje? Umerudi lini wewe?

Salum: Sijarudi dada. Niko Kununurra, kaskazini-magharibi mwa Australia. Huku wanauita boab.

Mjomba Athumani: Marahaba. Mbuyu upo Afrika na Bukini tu, bwana.

Salum: Nami nilijua hivyo mjomba. Kumbe wana wao, mfupi, tumbo kama mtungi. Jana nimevunja tunda. Ganda jembamba, ukilibana linapasuka kama yai, ndani unga mweupe ule ule. Wenyeji hulichora ganda kwa kisu, kangaruu na mijusi.

Zuhura: Bibi anauliza wanatia rangi na sukari?

Salum: 😂 Ubuyu wa rangi hawaujui.

Mjomba Athumani: Basi walipeleka wazee wetu. 1944 askari aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa visiwa vya Wessel, huko huko kaskazini. Za masultani wetu!

Salum: Sarafu sawa mjomba. Mbuyu wataalamu wanasema tunda lilielea baharini, zamani kabla ya sultani yeyote.

Mwanahawa: Na ziwa la ile picha nyingine?

Salum: Argyle, waliziba mto Ord. Limejaa mamba wa pua nyembamba, hawana habari na mtu. Wa kuogopa ni wa maji chumvi, wapo wa mita 5 na zaidi, na jina lisikudanganye, anapanda mto hadi maji baridi.

Mjomba Athumani: Mamba ni mamba. Usioge.

Salum: Siogi. Ila hawa wadogo wanauawa na chura! 1935 waliletwa Queensland ili wale wadudu wa miwa. Wadudu hawakuguswa, chura wakasambaa mpaka huku. Wana sumu, kenge akimeza mmoja kwisha habari yake. Usiku chini ya taa ya bafuni nimehesabu kumi na moja.

Mwanahawa: Kama kunguru wa Unguja, nao waliletwa ili wale taka 🙄

Zuhura: Bibi hataki chura. Anauliza, huo mbuyu una shetani?

Salum: Mwambie uko mmoja mji wa Derby huku huku, mkubwa, una uwazi tumboni. Wenyeji wanauheshimu, umezungushiwa uzio watu wasiusogelee.

Zuhura: Kasema basi ni mbuyu kweli, Athumani anyamaze.

Mjomba Athumani: 🤐