Wauza "visu vya kikomando" mitandaoni, huu ni wizi wa mchana

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite tu.

Hivi hawa wanaouza visu vya "kijeshi" Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp nani anawakagua? Tangazo ni lile lile kila siku: kisu cheusi kimechomekwa kwenye gogo, mgongoni kina meno ya msumeno, kwenye kitako cha mpini kuna dira, ubavuni kimeandikwa U.S. ARMY, halafu "chuma 440, hakivunjiki, cha maisha". Bei 45,000, ukilialia 40,000 na ala bure. Ala bure! Kisu cha kuvaa kiunoni bila ala ningekibeba na meno?

Mimi nilitaka kitu cha kawaida kabisa. Kisu kisichokunjwa, cha kukata kamba, kuchinja kuku, kuchonga vigingi na kupasua vikuni vya kuwashia moto nikiwa shamba. Panga ninalo, ila kwa kazi hizo ni kubwa mno. Kabla sijatuma hela nilimuuliza muuzaji swali moja tu: msuka unafika wapi? Yaani kile chuma kinachoingia kwenye mpini. Akanijibu, na meseji ninayo, "unafika mwisho bosi, chuma kimoja mwanzo mwisho".

Kilikatika nikipasua ukuni wa mwarobaini usiozidi unene wa kifundo cha mkono. Mpini ukabaki mkononi, bapa likarukia pembeni. Msuka wenyewe haupo! Kuna skrubu imechomelewa kwenye tako la bapa, ikakazwa kwa nati, basi. Mpini ni bomba tupu la alumini ambamo wameweka ndoana mbili na njiti za kiberiti. Uzito wote wa pigo unaishia kwenye kile kichomeleo kidogo. Lile bapa lingenipata usoni leo ningekuwa naandika uzi wa aina nyingine. Nikamtumia picha. "Mkuu, kisu si shoka." Kisha kanipiga bloku.

Sikiliza, kisu cha rahisi si kosa. Mtu akiniambia hiki ni cha 15,000, ni cha kupikia, usikipigie kuni, namshukuru na nanunua. Kinachoniuma ni uongo, na uongo wenyewe umepangwa vizuri kweli kweli.

Chukua hiyo "440". Hakuna chuma kinachoitwa 440 peke yake, kuna 440A, B na C. A ina kaboni (ndiyo inayokipa chuma ugumu) kama asilimia 0.7, C inafika 1. Asiyekupa herufi ana sababu zake. Vingi vya bei hii ni 420 ya chini, kaboni haifiki hata 0.4, ndiyo maana ukikinoa asubuhi mchana kinateleza juu ya nyanya. Na hata chuma kizuri kisipochomwa na kupozwa inavyotakiwa ni bure tu.

Halafu kuna video ya sumaku. Anakibandika kwenye sumaku, kinanasa, "mnaona wakuu, original". Ndugu yangu, 420 inanasa, 440 inanasa, nondo ya ujenzi inanasa, msumari wa bati unanasa. Umethibitisha kwamba kisu ni cha chuma. Hongera.

Hayo meno ya mgongoni nayo. Yalikuwa na kazi kwenye kisu cha marubani wa jeshi la Marekani, wapate kukata bati la ndege ikianguka nao ndani. Wewe unatoka kwenye ndege gani? Kwenye mti hayafai, kwa sababu meno hayakupindwa kulia na kushoto kama ya msumeno wa fundi seremala, yanakwama sentimita ya kwanza. Tena yanakuzuia kugonga mgongo wa kisu kwa gongo ukipasua kuni, yanalitafuna gongo lote. Kuna na vile vyembamba vyenye makali pande mbili, nakala za jambia la makomandoo wa Uingereza wa vita ya pili. Lile lilitengenezwa kwa kuchoma mtu. Ncha yake ukiitumia kufungulia kopo inakatika, na huku linauzwa kama kisu cha kambini!

Sasa najua wajuaji wa humu wanakuja: "ungenunua Ka-Bar mkuu, cha Marines, tangu 1942". Nakijua. Bapa la inchi 7, chuma cha 1095 chenye kaboni kama asilimia 0.95, mpini wa pete za ngozi, kisu halali kabisa. Kwao Marekani unaongelea karibu dola 100 kwa kile cha kwao cha kawaida. Weka usafiri, weka ushuru, weka VAT 18%, halafu niambie nimwambie nini mama watoto. Na 1095 inashika kutu, kwa hewa ya Tanga au Mombasa usipokipaka mafuta wiki mbili ni nyekundu. Mtu kaomba kisu cha bei nafuu, unamtajia cha dola 100, huo si ushauri, ni kujionyesha.

Mwenye ndugu Ulaya amwagize Mora Companion ya Sweden. Kule inauzwa bei ya kawaida, kama dola 20 hivi, na ipo ya chuma kisichoshika kutu. Bapa la sentimita 10, unene milimita 2.5. Msuka wake haufiki mwisho wa mpini na wenyewe hawakufichi, ila ni chuma kipana kilichoshikwa na plastiki ngumu, si skrubu. Hakina dira wala U.S. ARMY, kina rangi kama ya kisu cha mtoto, na kinafanya kazi. Akiweke kwenye begi la kupakiwa chini, si la mkononi, mtu asije akanyang'anywa uwanja wa ndege.

Asiye na ndugu Ulaya aende kwa mhunzi, lakini kwa macho. Sime nyingi za kwetu zinafuliwa kwa springi za gari, na chuma cha springi kina kaboni kama 0.6, kinatosha kabisa kwa kazi za shamba. Mwambie msuka uwe mpana na uonekane hadi kitakoni, mbao zipigwe ribiti pande zote mbili, uone chuma katikati kwa macho yako. Muulize amekichovya kwenye nini akikitoa motoni, na kama amekirudishia moto kidogo baadaye. Asipojua hilo la pili kitakatika. Wapo wanaofua kwa nondo pia, hiyo hata ukichovya kwenye mafuta ya nani haitakuwa ngumu. Nenda na tupa: ipitishe taratibu kwenye makali karibu na mpini. Ikiteleza, chuma kigumu. Ikiuma na kutoa unga, rudisha hela mfukoni. Muuzaji akikataa jaribio hilo, naye kashakujibu.

Mods, mlango wa biashara humu mnaufungua kwa kila mtu, angalau lazimisheni picha ya kitako cha mpini kikiwa kimefunguliwa. Na wadau mlio Morogoro, Dodoma na Singida, tajeni masoko yenye wahunzi wanaofua kwa springi, nataka kwenda kabla ya mvua. Picha za kile kilichokatika nazipandisha kwenye posti inayofuata.