Naomba ushauri: Tsavo Mashariki kwa siku moja, abiria wa meli ya kitalii

Wadau wa utalii wa Pwani, salaam. Baada ya maharamia kuishambulia meli ya kitalii MSC Melody mwaka 2009, meli nyingi ziliikwepa Mombasa. Bahari ya Hindi iliondolewa kwenye orodha ya maeneo hatari kwa uharamia Januari 2023, na kazi imeanza kurudi. Tusiiharibu kwa kuchelewesha watu.

Meli inafunga gati Kilindini, bandari ya Mombasa, saa 1 asubuhi, inang'oa nanga saa 12 jioni. Abiria ni 84, magari 14 ya Land Cruiser, sita sita ili kila mtu apate dirisha. Hadi geti la Bachuma, la kuingilia Tsavo Mashariki, ni kama kilomita 100. Viingilio tutalipa mapema kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, maana kulipia getini ndiko kunakokula muda.

Tatizo ni barabara. Malori yakijipanga kwenye mizani ya Mariakani, saa nzima inapotea. Tena hakuna anayeshuka melini kabla ya uhamiaji kumaliza ukaguzi, kwa hiyo kuondoka saa 1:30 ni ndoto. Naweka saa 2:30. Abiria wote wawe wamerudi ndani saa 11, na meli haimsubiri aliyenunua safari nje ya meli.

Je, mngegeuza magari Bachuma saa ngapi? Mimi nafikiria saa 7:30 mchana, chakula kiwe cha boksi. Gari moja tupu la akiba linatosha, au mawili? Na kutoka bandarini, kupitia Kipevu hadi Miritini kunaokoa muda kweli asubuhi, kuliko kupitia Changamwe?