Tupeane uzoefu: Frank Robinson wa besiboli, wewe ulimjulia wapi?

Zamu ya Usiku
Wakuu salaam. Kila ikifika tarehe 7 Februari huku Maryland wazee wanamkumbuka Frank Robinson, alifariki 2019 kule Los Angeles akiwa na miaka 83, saratani ya mifupa. Najua wengi humu ni Simba na Yanga na Arsenal, besiboli mnaona ni watu kusimama tu na kutema mate, lakini sisi tuliokaa huku muda huyu mzee tumekutana naye kwa njia moja au nyingine, makazini, kwa majirani, kwenye TV. Wengi wanamtaja kwa sababu alikuwa mweusi wa kwanza kuwa meneja wa ligi kuu, tena akiwa bado anacheza, ni kweli, ila mimi nasema hiyo ni nusu yake. Jamaa alikuwa mkali na alikuwa anatisha. Mwenye lake aweke.

Langu ni hili. Nalea wazee Baltimore, shifti za usiku, na kuna babu mmoja alikuwa halali mpaka asimulie mpira wa tarehe 8 Mei 1966. Robinson ndo kwanza kaletwa kutoka Cincinnati, mrushaji ni Luis Tiant wa Cleveland, mpira ukapigwa ukapaa juu ya majukwaa ya kushoto ukatoka uwanjani kabisaa mpaka kwenye maegesho ya magari. Uwanja ule wa Memorial haikuwahi kutokea kabla na haikutokea tena. Pale ulipopitia wakasimamisha bendera imeandikwa neno moja tu, HERE, ikabaki inapepea mpaka timu inahama 1991. Babu anasema watu hawakukaa chini, walipiga makofi mpaka mikono ikauma. Mwaka huo akaongoza ligi kwa vitu vitatu kwa mpigo, wastani wa kupiga .316, hom ran (mpira unapigwa mpaka nje ya eneo la kuchezea) 49, na kuingiza mikimbio 122, halafu kwenye World Series, yaani fainali, wakawafagia Dodgers 4-0.

Mtu wa Bukavu
Jambo ndugu zangu. Mimi niko Cincinnati, huku kwetu hiyo hadithi ya babu ni kidonda. Kazini, kwenye depo, kuna mzee mmoja hadi leo ana hasira ya Desemba 1965, siku Reds, timu yetu, walipomuuza. Walimpa Baltimore, wakachukua watu watatu, mkubwa wao mrushaji Milt Pappas, na bosi wa timu akasema eti Robinson ana miaka 30 lakini ni 30 ya uzee. Mtu ambaye alikuja 1956 akapiga hom ran 38 akiwa mgeni wa ligi! MVP, yaani mchezaji bora, wa 1961! Sasa huyo "mzee" akaenda kuchukua MVP ya ligi ya pili (ligi kuu ina ligi mbili ndani yake) mwaka uleule wa kwanza, akawa mtu wa kwanza kuibeba kwa ligi zote mbili, na wa pili alikuja kupatikana 2024, Mjapani Ohtani. Halafu 1970 akarudi na Baltimore wakatufunga sisi wenyewe World Series. Sanamu yake iko nje ya uwanja wetu, anapiga mpira, watoto wangu wanapenda kupandia pale. Yule mzee wa depo akipita hapo anatikisa kichwa tu.

Kibopa wa Mabibo
Wakuu mimi sijui kitu, mnaposema alikuwa meneja akiwa bado anacheza ndo kivipi? Kocha anajipanga mwenyewe??

Zamu ya Usiku
@Kibopa ndiyo, anajipanga mwenyewe. Cleveland walimtangaza Oktoba 1974, mechi ya kwanza ikawa 8 Aprili 1975 dhidi ya Yankees, baridi kali, watu zaidi ya elfu 56. Mama Rachel, mjane wa Jackie Robinson, yule aliyewafungulia weusi mlango wa kucheza ligi kuu, akarusha mpira wa ufunguzi (majina yamefanana tu, si ndugu). Na kumbuka Jackie mwenyewe Oktoba 1972 alisimama mbele ya watu kwenye World Series akasema anatamani siku moja aone sura nyeusi ikiongoza timu, siku tisa baadaye akafariki. Sasa Frank kajiweka nafasi ya pili kupiga, kaingia mara yake ya kwanza kabisa kama meneja, strike mbili tayari (ya tatu unatoka), akapiga hom ran. Wakashinda 5-3.

Asiyemung'unya
Naomba nisionekane mchawi ila msimpake asali sana. Mimi nilikaa Ohio, na wazee wa Cleveland walikuwa wakimtaja wanakunja uso. Aligombana na Gaylord Perry, nyota wao, na haikufika katikati ya msimu Perry kauzwa. Alikuwa haongei na mtu kwa upole. Hata ujanani, Februari 1961, alikamatwa Cincinnati akiwa na bastola mgahawani baada ya kurushiana maneno na mpishi, akakiri kosa akalipa faini. Watu wakaanza kumzomea kwa hilo. Yeye akajibu kwa kuchukua MVP mwaka huohuo, sawa, nampa. Na uwanjani anasimama karibu kabisa na sahani, ile alama ya kupigia, kichwa kimeinamia njia ya mpira, kwa hiyo aligongwa na mpira mara 198. Inasimuliwa kwamba Gene Mauch, meneja wa Phillies, aliwawekea warushaji wake faini ukimwangusha Robinson, maana akiinuka pale akijikung'uta vumbi mpira unaofuata hauuoni tena.

Wanjiru wa DMV
Nimefurahia huu uzi jamani, wacha nami niweke yangu. Mimi nilifika Washington mwaka timu ya Nationals imekuja mji kutoka Montreal, 2005, na nilikuwa nauza chakula uwanja wa RFK wikendi, ndo nilijifunza besiboli kwa kuangalia huku napeana soda. Mzee Robinson ndiye alikuwa meneja, tayari na miaka karibu 70, anatembea polepole kwenda kuongea na refa na vile anatembea unajua tu refa ako na shida.

Lakini yenye sitasahau ni Mei 2006, tunacheza na Astros. Makecha wetu, wale wa kudaka nyuma ya mpigaji, walikuwa wameumia, basi akawekwa Matt LeCroy, jamaa mkubwa mnene, mpole, si kazi yake ya kila siku. Astros wakagundua hawezi kurusha. Wakaanza kuiba besi, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, moja, mbili, wakafika saba, na yeye akarusha mbili zikaenda mbali huko. Watu kwa majukwaa wakaanza kucheka. Inning (kipindi) ya saba kati ya tisa ikiwa katikati, si mwisho, katikati, Robinson akatoka akamtoa. Kwa besiboli hiyo ni kumvua mtu nguo hadharani, hata mimi muuza soda nilijua. Tulishinda hiyo mechi 8-5 lakini jioni kwa TV namuona mzee kwa meza ya waandishi, anaanza kueleza kwa nini alimtoa, sauti inakatika, anajifuta macho. Huyu mtu mmesema anatisha! Alilia juu amemuaibisha kijana ambaye hakukosa chochote, alijaribu tu kazi isiyo yake. Na LeCroy hakumchukia, alisema hata babake angekuwa meneja angefanya vivyo hivyo.

Asiyemung'unya
Hiyo sikuijua. Haya.

Mwalimu wa Mazoezi
Mie niko hapahapa Dar, nafundisha vijana besiboli, mchezo huu Wajapani walituletea mpaka uwanja wa Azania, kwa hiyo msidhani ni wa watu wa Marekani peke yao. Timu yangu ikichapwa mfululizo nawapa ya Baltimore 1988. Walipoteza mechi sita za mwanzo kocha akafukuzwa, Robinson akaitwa, akapoteza nyingine 15 ndo akashinda ya kwanza. 0-21 hiyo, rekodi mbaya kuliko zote za kuanza msimu! Kwenye droo alikuwa na beji, akiulizwa hali anaitoa, imeandikwa kwamba ilikuwa raha lakini sasa lazima apige kelele. Vijana wanapenda hapo. Mwaka uliofuata ushindi 87, wakagombea taji mpaka wikendi ya mwisho na Toronto, ambako meneja alikuwa Cito Gaston, mweusi pia, na Robinson akapewa Meneja wa Mwaka. Mara ya mwisho dogo mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu sisi tumepoteza ngapi?" nikamwambia akaokote magongo.

Kibopa wa Mabibo
😂😂 Mwalimu! Mimi naanza kuupenda huu mchezo jamani. Wanjiru, yule LeCroy aliishia wapi?

Wanjiru wa DMV
Aliacha kucheza, akawa kocha. Amefundisha timu za chini za hao hao Nationals miaka mingi.