Kihisi cha vizimba vya samaki Dunga: Wi-Fi, LoRa au laini ya simu?

Kizimba_Dunga: Hamjambo nyote. Kikundi chetu kinafuga ngege kwenye vizimba hapa Dunga, Kisumu. Nataka kuunda mwenyewe kifaa cha kupima joto la maji na kutuma vipimo nchi kavu, kama kilomita moja na nusu. Kwa sasa najua kuwasha taa kwa Arduino, bodi ndogo ya kujifunzia, tu. Naona njia tatu: ESP32 (bodi ndogo yenye Wi-Fi), LoRa (redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo), au SIM800L (moduli yenye laini ya simu). Nianze na ipi?

Fundi_Kondele: Kwa ziwani, Wi-Fi iache. ESP32 ni bodi nzuri sana ya kujifunzia, ila antena yake ndogo haitafika huko, hasa kifaa kikielea karibu na maji. SIM800L hufanya kazi popote penye 2G, lakini inapenda umeme: ikituma huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo mfupi. Umeme ukipungua kidogo inajizima na kujiwasha, na anayeanza hupoteza wiki nzima akitafuta kosa kwenye programu. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, kwa hiyo usiichomeke kwenye pini ya volti 5. Ipe betri ya lithiamu, waya mnene mfupi, na kapasita ya maikrofaradi 1000 kando yake.

Nyanya_Bahati: Mimi niko Nakuru na banda langu la nyanya liko nyuma ya nyumba, kwa hiyo Wi-Fi inanitosha kabisa. Atakayefuata njia hii na kihisi cha unyevu wa udongo, asikiunganishe kwenye pini za kundi la ADC2 (zinazosoma volti za kihisi) za ESP32. Wi-Fi ikiwaka hazisomeki. Tumia zile za kundi la ADC1. Na nunua kihisi cha kapasita. Kile cha vyuma viwili vilivyo wazi huliwa na kutu upesi.

Sakiti_Maseno: Ndugu wa Dunga, chukua LoRa. Bodi mbili zenye SX1276, chipu ya redio ya LoRa, za 868 MHz, moja kizimbani, nyingine nchi kavu ikipokea na kupeleka intaneti. Hulipii data ya kila kizimba. LoRa hubeba ujumbe mdogo tu, lakini joto kila dakika 15 ni baiti chache. Antena ya waya wa robo wimbi ni kama sentimita 8.6. Usitume kamwe bila antena, utaunguza moduli. Ile ya nchi kavu ipandishe juu ya paa. Kimo kinasaidia kuliko kuongeza nguvu.

Kizimba_Dunga: Asante Sakiti_Maseno. Na betri itadumu?

Sakiti_Maseno: Hapa ndipo miradi mingi hufia. ESP32 ikilala usingizi mzito hutumia kama maikroampea 10, lakini bodi nyingi za bei nafuu zina regaleta (kidhibiti cha volti) ya AMS1117 inayokula miliampea kadhaa usiku na mchana. Ikila 5, betri ya 2500 mAh inaisha kwa wiki tatu hata kama kifaa hakitumi chochote. Tafuta bodi iliyoundwa kwa ajili ya betri, kisha pima mwenyewe kwa multimita ikiwa imelala. Usiamini tangazo la muuzaji.

Mama_Usenge: Mwanangu, joto peke yake halitaokoa samaki. Kinachoua ni oksijeni kushuka, na hushuka zaidi kabla ya alfajiri, maana usiku kucha mwani unaivuta bila kuitengeneza. Kihisi cha oksijeni ni ghali, hushika utelezi, na lazima kisafishwe na kusawazishwa kila mara. Anza na joto, lakini acha nafasi ya hicho kwenye sakiti.

Kizimba_Dunga: Nimekusikia Mama. Basi naanza na kihisi cha joto cha DS18B20 na LoRa mezani, na nabakiza pini za kihisi cha oksijeni.

Fundi_Kondele: DS18B20 iwekee rezista ya kiloohm 4.7 kati ya waya wa data na volti 3.3. Na pale waya unapoingia kwenye boksi, elekeza tundu chini na ujaze epoksi.