Kikundi cha familia, "Watoto wa Ngamiani": Rehema yuko wapi usiku huu?

Rehema: [picha] Shikamooni wote. Wenzangu wa maabara wamenileta izakaya, Yurakucho, hapa hapa Tokyo. Tuko chini ya reli kabisa, kwenye matao ya matofali. Treni ikipita, gilasi zinatetemeka mezani.

Mama: Marahaba mwanangu. Huko saa ngapi?

Rehema: Saa tatu na nusu usiku. Nyie ndo kwanza alasiri.

Shangazi Mwanaidi: Izakaya ndiyo nini? Nimetafuta kwenye simu naambiwa ni kilabu cha pombe. REHEMA!!

Rehema: Shangazi, watu wanakunywa na wanakula pia. Wakitoka kazini wanapitia, wanaagiza visahani vidogo vidogo, vinawekwa katikati kila mtu anadokoa. Mimi nina chai yangu ya uroncha, ya baridi, haina hata sukari. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sinywi.

Shangazi Mwanaidi: Na kumimina je? Maana nasikia huko mtu hajimiminii, anamiminiwa na jirani yake.

Rehema: Kweli desturi ndiyo hiyo, lakini chupa sijashika. Bia zinaletwa zimeshajaa kwenye magilasi.

Hamisi: Mbona kwenye picha kama kuna ugomvi? Yule wa kitambaa kichwani kaachama mpaka koo linaonekana

Rehema: Anakaribisha wageni huyo 😂 Mtu akiingia tu, wahudumu wote wanapaza sauti, hata aliyeko jikoni kwenye moshi. Na wewe ukimtaka mhudumu unaita kwa nguvu "sumimaseeen!", yaani samahani. Ukinong'ona utalala njaa.

Baba: Mnakula nini?

Rehema: Wenzangu wamekazania yakitori, kuku wa kijiti. Kila kiungo na kijiti chake: paja, moyo, ini, ngozi, gegedu. Na firigisi, baba.

Baba: Firigisi anapewa nani?

Rehema: Aliyeagiza. Kuna binti hapa kamaliza vijiti vitatu mbele ya profesa wake.

Baba: Basi.

Hamisi: 😂😂😂 mzee kaumia

Mama Mdogo Zuhura: Na wewe umekula huyo kuku?

Rehema: Hapana mama mdogo, si wa kuchinjwa. Halafu ule mchuzi wanaopaka una mirin na sake, vyote vina kilevi. Wapo wanaoagiza vya chumvi tu, lakini wengi wao ni kwa ajili ya ladha. Mimi nimehamia baharini. Kuna samaki anaitwa hokke, kapasuliwa, kaanikwa, kachomwa, mkia umetokeza nje ya sahani. Na edamame, soya changa zilizochemshwa na maganda yake, unabana zinaruka mdomoni. Na pweza.

Mama Mdogo Zuhura: Pweza wa supu?

Rehema: Mbichi! Kakatwa vipande vidogo, kachanganywa na wasabi, kiungo chao kikali. Imenipanda puani nikalia mbele za watu.

Shangazi Mwanaidi: Pweza mbichi 🤦🏾‍♀️ Hata ndimu hakuna?

Rehema: Wanampenda mno, mpaka wananunua wengi kutoka Mauritania na Moroko.

Hamisi: Na sisi wa Deep Sea, soko letu la samaki Tanga, tumekaa tu tunauziana wenyewe. Haya, bei je?

Rehema: Ukikaa tu, kabla hujaagiza, unaletewa kisahani. Leo kilikuwa cha mwani. Hukukiomba lakini kimo kwenye bili, kwa kawaida yeni 300 mpaka 500 kila kichwa. Wanaita otoshi.

Hamisi: Wizi mtupu

Salim Muscat: Si wizi, umelipia kiti. Huko bakshishi hakuna. Bora hivyo kuliko mtu akusimamie mpaka utoe.

Shangazi Mwanaidi: Na hao wanywaji mnagawana sawasawa?

Rehema: Hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi. Walichukua nomihodai, unalipa bei moja unakunywa utakavyo kwa saa mbili. Na mara nyingi meza nzima inaingia humo, hata wa chai. Nusu saa kabla ya muda kwisha mhudumu anakuja kuuliza la mwisho, wee! Watu waliagiza kama kesho hakuna bia. Nikajua nitawalipia. Lakini aliyeandaa akapiga hesabu kwenye simu: profesa akatoa nyingi zaidi, walioajiriwa wakafuata, sisi wanafunzi kidogo, mimi kidogo kuliko wote. Wala sikumwomba.

Mama: Mungu amzidishie.

Shangazi Mwanaidi: Amzidishie, ila si bia.

Rehema: 😂 Nimefunga na bakuli la wali uliomiminiwa chai ya moto, juu kipande cha samaki. Sasa wanasema duru ya pili, karaoke.

Shangazi Mwanaidi: Hapana.

Mama: Treni ya mwisho saa ngapi?

Rehema: Zipo mpaka baada ya saa sita. Nitaimba wimbo mmoja tu naondoka.

Mama: Mmoja. Ukifika chumbani andika hapa hapa kikundini, si kwa Hamisi.