Alamu "imego off": nimepewa barua ya onyo na kuitwa mwongo kwa sababu ya maneno mawili ya Kiingereza

Wakuu, habari za usiku. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie kwenye jukwaa la vichekesho. Mimi sicheki.

Ni mtunza stoo wa zamu ya usiku kwenye hoteli moja ya ufukweni. Jina nalihifadhi, bado nakula hapo. Bosi ni Mwingereza. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne lakini si cha kubabaisha: invoisi nasoma, oda naandika, wageni tunaelewana. Kwa hiyo wewe unayetaka kuandika "ungesoma shule", pita tu.

Kwenye mlango wa friza kubwa la samaki bosi amebandika karatasi kwa seloteipu, herufi kubwa: IF THE ALARM GOES OFF, CALL ME IMMEDIATELY. ANY TIME. Nimeipita karatasi hiyo miezi minane.

Sasa niambieni, off ni nini kwa Mtanzania? Taa ikiwa off imezima. Swichi ina on na off. Mtu akikuambia leo yuko ofu, ujue amejilaza nyumbani. Na daftari langu la fomu tuu ninalo mpaka leo: go on, kuendelea, go off, kuzimika. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, tukapewa vema.

Juzi Jumanne umeme ukakatika kama saa nne usiku. Jenereta ikawaka, ila laini yake inaishia mapokezi na vyumba vya wageni, stoo haifiki (nililisema hilo tangu mwaka jana, tuliache). Joto la friza likaanza kupanda. Mle ndani mlikuwa na kamba na ngisi walioingia jioni ile ile, hata hawajaganda. Alamu ikaanza: tii, tii, tii, na kitaa chekundu kinapepesa.

Nikaenda na tochi ya simu, nikasoma karatasi upya, neno kwa neno. Ikienda ofu, piga simu. Nikaiangalia alamu: inalia vizuri, betri ina nguvu. Haijaenda ofu. Nikajisemea huyu mzungu anaogopa alamu isije ikazima, friza likabaki bila mlinzi. Nikavuta kreti la soda nikakaa pale pale mlangoni. Wakuu, nililinda ile alamu kama mtoto mgonjwa. Mlinzi wa geti alikuja kuuliza hiyo kelele ni ya nini, nikamjibu ikinyamaza ndiyo kuna tatizo.

Saa kumi na moja kasoro alfajiri betri ikaisha. Kimya. Nikanyanyua simu sekunde ile ile, nikampigia bosi: "Sir, the alarm has gone off!" Akauliza lini. Nikamwambia sasa hivi, hata dakika haijapita. Akanishukuru! Akaja mbio na bukta ya kulalia. Kufungua friza, maji yanachuruzika mpaka kwenye ndala zake. Harufu ya ngisi sitaielezea.

Friza lina kifaa kinachorekodi joto. Akakisoma, akaona alamu ililia tangu usiku. Akaniangalia. Kuanzia hapo mimi ni mwongo.

Barua ya onyo nimepewa jana, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Sikilizeni. Inasema the lights went off saa nne usiku. Sawa, taa zilizimika, hapo tuko pamoja. Mstari unaofuata, the alarm went off. Yaani alamu ikalia! Halafu eti mimi probably went off to sleep, yaani nilisinzia. Na mwisho the seafood went off, samaki wakaoza. Barua moja, mtu mmoja, wino mmoja. Taa ikigo off inanyamaza, alamu ikigo off inapiga kelele, mtu akigo off anakoroma, ngisi akigo off ananuka. Halafu asiye na msimamo ni mimi!

Nikaingia kwenye kamusi ya simu nitafute visawe, nikakuta vimemwagwa kama dagaa kwenye mkeka: ring, explode, leave, rot, stop liking. Hakuna anayekuambia kipi kinakaa na nini. Nikivichukua hivyo hivyo nitaandika kwamba ngisi walilipuka na alamu ikaoza. Hivyo si visawe vya kubadilishana, kila kimoja kina mwenzake. Alamu ni ring au sound. Bomu ni explode. Umeme ni fail, au sema tu there was a power cut. Chakula ni spoil, na Mmarekani kwa maziwa yaliyochacha anasema go bad, hiyo go off yao kwa chakula ni ya Waingereza zaidi. Kumbe hata wao kwa wao hawajakubaliana. Halafu kuna sherehe went off well, yaani ilikwenda salama, na kuna to go off somebody, kumchoka mtu uliyekuwa unampenda. Sisi huku kijana akisema "nimemzimikia yule dada" amependa mpaka basi. Kwao kuzima ni kuchokwa. Haya.

Na swali langu kwa bosi ni hili hili moja. Karatasi ya dharura, ya kusomwa gizani na mtu mwenye usingizi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, kwa nini uandike goes off wakati rings ipo? Herufi tano! Wino ungepungua?

NYONGEZA 1: Mnaosema "hata Kiswahili kina piga, mbona hulalamiki": piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga simu, ni kweli maana zinahama. Lakini nomino imekaa pale pale inakuonyesha, nani atapiga deki kwa simu? Na sisi tukitaka kugeuza maana tunageuza mkia wa neno: funga, fungua, ziba, zibua, choma, chomoa. Unaisikia. Wao wamechukua kijineno cha herufi tatu wakakipa kazi ya kuwasha na ya kuzima kwa wakati mmoja.

NYONGEZA 2: Kuna mwalimu mstaafu hapo chini namshukuru, ndiye pekee aliyejibu kwa maana. Anasema waeleze watoto kwamba go off ya alamu ni ile ile ya bunduki na bomu, na Kiswahili chake ni KUFYATUKA. Kitu kimebanwa, kinaachia. Mtego unafyatuka, bunduki inafyatuka, alamu inafyatuka. Mzee wangu, ungenifundisha wewe fomu tuu, leo ngisi wangeliwa. Mimi nilipewa "kuzimika" na vema nyekundu juu yake.

Ameongeza kuwa Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji yake kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. 1755! Wenyewe wanajua tangu wakati huo, na bado mtu anabandika goes off kwenye friza la watu.

NYONGEZA 3: Anayeuliza kama watanikata mshahara, bado hawajasema. Hela nitazitafuta. Kinachoniuma ni neno lied lililo kwenye aya ya tatu. Nilikaa kwenye kreti la soda saa sita na ushee, sikufumba jicho, na nilipiga simu kwa sekunde ile ile niliyoagizwa.

Barua ya kujieleza inatakiwa Ijumaa. Naiandika kwa Kiswahili, ukurasa mzima, mkalimani atafute yeye. Na ile karatasi nimeshaibandua usiku huu, nimeweka yangu: ALAMU IKILIA, PIGA SIMU. IKINYAMAZA PIA, PIGA.